Parachuti Niliyoifua Kisumu Ndogo

Nyinyi vijana wa Sarang'ombe mnaopita hapa mlangoni pangu mkisukumana, mkinong'onezana kwamba shosho, bibi yenu huyu, aliwahi kuruka kutoka ndegeni, acheni kunisingizia. Sijaruka hata siku moja. Nimefanya kazi ya parachuti miaka ishirini na sita, na muda huo wote nimewaona watu wazima, wenye digrii na wenye wake wanaowasubiri nyumbani, wakilipa ili watoke nje ya ndege ambayo haina tatizo lolote. Mimi kazi yangu ilikuwa kukunja na kushona. Wao waliruka, mimi nikakunja, na jioni kila mtu akaenda kwake kula.

Juzi mmoja wenu, yule mrefu mwenye rasta, alisimama akaniuliza, "Niaje shosho. Ati ulikuwa unashona maparachuti za wasee wa kuruka?"

Nikamwambia ndiyo.

"Na hakuna msee alidedi kwa sababu yako?"

Wenzake wakacheka na yeye akacheka, lakini mimi swali lile, kama kuna mtu aliyekufa kwa mkono wangu, limenikaa. Jibu fupi ni kwamba hakuna. Jibu refu lina sabuni ya unga, omena na uongo mmoja ambao mpaka leo nikiukumbuka nasikia aibu mpaka kwenye masikio. Nitawapa jibu refu. Nimestaafu, sina haraka, na atakayechoka kusoma aende akachezee simu yake.

Wakati ule nilikuwa na cherehani Kawangware, kwenye kibanda cha mabati karibu na soko. Nilishona sare za shule, na Desemba magauni ya harusi. Nyumbani kwangu kulikuwa Kisumu Ndogo, upande huu wa Kibera. Siku moja akaja mwanamume mmoja mrefu, mkavu, amenyooka mgongo mpaka nikamwonea huruma. Alibeba mkoba mkubwa wenye mikanda mingi, na mshono wa mkanda mmoja ulikuwa umefumuka. Hakunisalimu kwa maneno mengi.

"Mama, unaweza shona hii?"

"Naweza."

"Kila mtu husema anaweza."

Nikaiangalia ile kazi. Ulikuwa mshono wa kwenda na kurudi kwa pembe, uzi mnene wa nailoni. Nikamwambia cherehani yangu ya sare haitauweza uzi ule, na kwamba akimpata mtu wa kumwambia anaweza kwa cherehani ya sare, amkimbie. Akatabasamu kidogo, kama mtu ambaye hakukusudia. Wiki iliyofuata alirudi na cherehani yake nzito ya ngozi akaiweka mbele yangu. Nikashona. Akatoa rula, akahesabu mishono kwa inchi, akageuza upande wa pili akahesabu tena. Halafu akaniuliza kama nataka kazi.

Huyo ndiye Afande Rono. Alikuwa amestaafu jeshini, ambako aliruka na parachuti mpaka magoti yakamwambia basi. Sasa alikuwa mwalimu wa klabu ndogo ya kuruka, nje ya mji, kwenye uwanja wa nyasi ambako ng'ombe walilazimika kufukuzwa kabla ndege haijatua. Aliniambia nitajaribiwa miezi mitatu. Nikifaulu, kazi ni yangu. Nilikuwa na watoto watatu na mume aliyekwenda Kitale kutafuta kazi, nadhani akaipata, maana hajarudi mpaka leo. Kazi ya mshahara wa kila mwezi niliitaka kuliko nilivyokuwa nimewahi kutaka kitu.

Pale Kisumu Ndogo watu waliposikia nimepata kazi "ya ndege" waliniheshimu sana kwa muda wa siku nne. Jirani yangu Mama Otis, muuza omena, wale dagaa wa ziwani, aliniomba nimwambie rubani apite juu ya plot yetu apige honi.

Sasa niwaeleze kidogo kuhusu kazi yenyewe, kwa sababu najua mnadhani parachuti ni shuka lenye kamba. Afande alipoanza jeshini, zilikuwa za duara. Ile ukishaifungua, unashuka popote upepo unapotaka, na ukifika chini unafika kwa kishindo. Ndiyo maana wanajeshi walifundishwa kuanguka kwa ubavu, mguu, paja, kisha bega, ili mwili ugawane maumivu. Hizi za mchezo za siku hizi ni za mstatili. Zimeshonwa vyumba vyembamba vyembamba vilivyo wazi upande wa mbele, upepo unaingia, vinajaa, na kitambaa kinakuwa bawa. Ukivuta mkono wa kushoto unakwenda kushoto. Ukivuta yote miwili karibu na ardhi, inapunguza mwendo na unakanyaga chini taratibu kama mtu anayeshuka ngazi. Hapo ni ukijua. Usipojua unalima.

Mwanafunzi mpya hakaribii ndege. Kwanza anaruka kutoka mezani. Kweli, mezani. Nimemwona meneja mzima wa benki akiruka kutoka kwenye meza ya chakula mara thelathini, Afande akimwambia, "Tena. Miguu pamoja. Wewe si kuku." Kisha ananing'inizwa kwenye mikanda iliyofungwa kwenye boriti, anafundishwa afanye nini kamba zikijisokota, afanye nini kitambaa kisipojaa, ni kipini kipi cha kutupa parachuti kubwa na kipi cha kufungua ile ya akiba. Anavaa mkononi kitu kinachofanana na saa, lakini hakisomi saa ngapi, kinasoma uko juu kiasi gani. Afande alikuwa akipiga kelele ghafla katikati ya chai, "Imejisokota!" na kila mwanafunzi alipaswa kuacha kikombe na kushika vipini ambavyo havikuwepo. Vikombe vingi vilivunjika kwa njia hiyo.

Na kuna ile parachuti ya akiba. Hiyo aliikunja Afande peke yake, akaifunga kwa uzi mwekundu na kuitia muhuri. Mimi niliruhusiwa kukunja ile kubwa tu. Mara yangu ya kwanza ilinichukua saa tatu. Unaitandaza kwenye zulia, unapitisha kamba zote mkononi kuhakikisha hakuna iliyovuka nyingine, unapanga vyumba kimoja kimoja. Kuna kipande cha kitambaa cha mraba chenye matundu manne, kamba zinapita humo. Lazima kiwe juu kabisa, kwa sababu ndicho kinachochelewesha kufunguka. Ukikisahau, parachuti itafunguka kwa mpigo mmoja na mtu wako atatua bila meno. Halafu unailalia kwa kifua kuitoa hewa. Mtu akipita akakuona umelala kifudifudi juu ya kitambaa, unagugumia, atadhani umepigiwa simu ya msiba.

Sheria za Afande zilikuwa nyingi lakini mbili nitawaambia. Ya kwanza, vifaa vinahesabiwa. Makasi, sindano, vibanio, vinahesabiwa kabla na baada, na hesabu isipotimia hakuna anayepanda ndege. Ya pili ni kadi. Kila mkoba una mfuko mdogo wenye kadi, na aliyekunja anaandika jina lake. Anayeruka anasoma jina kabla hajavaa. Akisema, "Huyu sitaki," basi hakuna kikao, hakuna kujitetea. Mkunjaji anakwenda nyumbani siku hiyo hiyo. Afande alisema yeye anaweza kunipa kazi, lakini wa kunibakiza ni wale wanaovaa.

Nikikumbuka vituko vya Kawangware pia lazima nicheke. Kulikuwa na mzee mmoja mwenye plot nyingi, akasikia habari za klabu, akaja kumwomba Afande amshushe na parachuti kwenye ruracio ya mwanawe, sherehe ya kupeleka mahari, akiwa amevaa suti. Alitaka wakwe watoe macho. Afande alikubali kwenda kuliona eneo. Akasimama katikati ya ule uwanja wa nyumba, akaangalia juu, akaangalia nyaya za umeme za kuungwaungwa, akaangalia mabati, akaangalia choo.

"Mzee, nitakuweka wapi?"

"Si hapa tu, mahali umesimama."

"Hapa nimesimama mguu moja."

Mzee alikasirika, akasema watu wa jeshi siku hizi ni waoga. Siku ya ruracio alifika kwa pikapiki, na nasikia alianguka.

Basi, sasa niende kwenye aibu yangu.

Miezi yangu mitatu ilikuwa imebakiza wiki moja. Jumapili hiyo mwanafunzi mmoja alikosea upande wa upepo akatua kwenye bwawa la kunyweshea ng'ombe. Parachuti, nyeupe yenye mistari ya manjano, ilitolewa humo imejaa matope na mengine ambayo ng'ombe huacha. Afande akasema, "Hiyo iwekeni kando," akaenda kumkagua mwanafunzi miguu.

Iwekeni kando! Mimi, niliyeshona magauni ya harusi, niliyefua sare za watoto watatu mpaka mwalimu wao akaniuliza siri, niache kitambaa cheupe kikauke na mavi? Nikaona Mungu amenifungulia mlango. Nikaitenganisha na mkoba wake kama nilivyofundishwa, nikaitia kwenye gunia, nikaenda nayo Kisumu Ndogo. Nilijisemea, Afande akiiona Jumatano itakavyong'aa, hiyo wiki iliyobaki hata hataingoja iishe, atanipa kazi.

Jumatatu nilinunua mitungi sita ya maji. Nilikoroga sabuni ya unga mpaka povu likapanda. Nilisugua kila chumba kwa mkono, ndani na nje. Suuza ya mwisho nikaitia bluu kidogo, ile ya kung'arisha mashati. Kisha swali likawa pa kuianika, maana kitambaa kile kikitandazwa ni kikubwa kuliko nyumba yangu na ya jirani. Nikapanda juu ya mabati nikaitandaza juu ya paa la nyumba sita za plot, nikaibana kwa mawe, jua linawaka vizuri.

Mama Otis alikuwa ameanika omena zake kwenye magunia hapo hapo chini ya ukingo wa mabati. Akatoka akainua macho.

"Yawa! Nafula, hii ni nini umefunika nayo plot?"

"Ni kazi."

"Kazi gani iko na kamba hivi? Ama ni net ya samaki? Kama ni net niambie, tuende lake pamoja."

Watoto walifika. Mchungaji wa kanisa la mtaa wa pili alifika na Biblia, akidhani ni hema la injili, akauliza krusedi inaanza saa ngapi na kama amealikwa kuomba. Nilimwambia hakuna krusedi, akakaa hata hivyo, akala omena. Upepo ulipovuma, parachuti iliinama ikalala juu ya magunia ya Mama Otis, tukacheka, nikaipandisha tena. Nawaambia nilikuwa na furaha. Jioni ile ilipokauka niliishika shavuni, laini, inanukia sabuni, nikajiona fundi.

Jumatano nikaiunga tena kwenye mkoba wake, nikaikunja vizuri, nikaandika jina langu kwenye kadi, nikaiweka kwenye rafu. Afande hakuwepo siku ile. Alhamisi akawa na darasa la wanafunzi wapya kwenye banda, mimi pembeni nikishona mfuko. Akashika kipande cha kitambaa kipya.

"Hii kitu imepakwa dawa isipitishe upepo. Upepo ukipita, haijai vizuri. Haikubebi. Adui yake ni nini? Jua kali. Mafuta. Na sabuni. Matope mnaacha ikauke, mnapangusa na maji baridi na sponji. Mtu akifua hii na sabuni ameiua, hata kama inakaa mpya."

Nilijidunga kidole, damu ikatoka, na sikusikia. Ile nyeupe ilikuwa nyuma yake kwenye rafu, hatua nne kutoka mgongoni mwake.

Mngekuwepo wakati huo mngeniambia, Mama Nafula, sema. Ni neno moja. Lakini zilikuwa zimebaki siku tatu nithibitishwe kazi. Niliwaza karo. Niliwaza kurudi kibandani na Mama Otis kuniuliza habari za rubani. Nikajiambia nilisuuza mara nne, sabuni ilitoka yote. Nikajiambia rafu ina parachuti kumi, nani ataichukua ile. Ijumaa nikaisukuma nyuma kabisa ya rafu. Jumamosi mvua ilinyesha, hakuna aliyeruka, nikamshukuru Mungu kwa mvua huku nikiogopa kumtazama usoni.

Jumapili jua likatoka. Mwanafunzi wa kwanza kufika alikuwa Ciku. Msichana wa Kawangware huyo, nilimshonea sare ya darasa la tatu, sasa alikuwa chuo kikuu na alikuwa ameshamaliza masomo yote ya chini. Siku hiyo angeruka kwa mara ya kwanza peke yake. Mama yake alidhani yuko kanisani. Akapita mbele ya rafu, akazisogeza mbili tatu, akavuta ile ya nyuma.

"Mama Nafula, nataka hii. Ziko zingine zinakaa chafu, hii inang'aa."

Akavuta kadi akasoma jina langu, akanipigia jicho, akavaa.

Nami nikamwacha. Alifungwa mikanda. Afande akakagua vipini, akagusa uzi mwekundu wa akiba, akampiga begani. Wakaanza kutembea kuelekea kwenye ndege. Injini ikawashwa, nyasi zikalala. Najua mnasema si ana ile ya akiba. Ndiyo, anayo, lakini nani kati yenu angempandisha mtoto wa mtu juu huko mara yake ya kwanza akimwambia, hii ya kwanza nimeiharibu, lakini kuna nyingine?

Nikakimbia. Nilikimbia na leso yangu ikabaki njiani, nikasimama mbele ya ndege nimetanua mikono. Rubani akazima injini akinitukana kwa Kiingereza. Afande akashuka.

"Mama, nini?"

Hapo ndipo ningesema ukweli. Kinywa changu kikasema, "Sindano! Hesabu haitimii! Nimesahau sindano ndani!"

Watu wote wakashuka. Ciku akavuliwa mkoba taratibu, wakaubeba mpaka zuliani, na sheria ikafuatwa. Parachuti ikafunguliwa yote, ikatandazwa, na watu wanane wakapiga magoti kuitafuta sindano ambayo ilikuwa imetulia kwenye kasha lake pamoja na wenzake. Na mimi nilikuwa mmoja wao. Nilitafuta kwa bidii kuliko wote. Rubani aliyenitukana alitafuta kwa miwani. Tulipapasa kila chumba, kila mshono, saa nzima na zaidi, na jua juu ya banda.

Katikati ya kupapasa Afande akasimama, akanusa. Akainama akanusa kitambaa. Akasogea hatua mbili akanusa tena, uso umekunjamana.

"Hii parachuti inanuka omena."

Wanafunzi wakaangua kicheko. Mimi sikuinua kichwa.

Akaendelea kutafuta. Mwisho akanyoosha mgongo. "Hakuna sindano. Mama alikosea kuhesabu, ni sawa, afadhali hivyo. Kunja tena. Ciku ataruka saa nane."

Watu wakaanza kuinuka wakijipangusa magoti. Ciku akaniambia, "Pole Mama Nafula, usijali, hata mimi huwa nasahau vitu." Aliniambia pole! Yeye mimi! Nilijiona mdogo kuliko sindano yenyewe. Machozi yakaanza kunitoka, na nikasema nikiwa bado nimepiga magoti, nikitazama zulia.

"Afande, hakuna sindano. Niliifua."

"Ulifua nini?"

"Hii. Kwa sabuni. Nyumbani. Jumatatu."

Afande akachukua ukingo wa kitambaa, akaukaza mdomoni kwa vidole viwili, akapuliza. Niliona nywele za mwanafunzi aliyekuwa mbele yake zikitikisika kwa pumzi iliyopita upande wa pili. Akachukua parachuti nyingine kutoka rafuni, akapuliza vivyo hivyo, mashavu yakavimba, hakuna kilichopita.

"Sabuni ni ujinga," akasema mwishowe. Sauti yake haikupanda, na ningependa ingepanda. "Ujinga mimi nimeajiriwa kuutoa. Lakini Alhamisi ulikuwa umeketi pale. Ulisikia."

"Nilisikia."

"Siku tatu, Mama."

Niliwaza tu watoto wangu, na nikaona haya hata kuwawaza, kwa sababu mtoto wa mwenzangu alikuwa amesimama pale, alama za mikanda bado mabegani. Nikaanza kukusanya vitu vyangu, makasi yangu, kasha langu la sindano.

"Ngoja," Afande akasema. Akamgeukia Ciku. "Sheria unaijua. Ni wewe ulikuwa umevaa. Sema."

Ciku alikuwa na miaka ishirini. Aliiangalia ile nyeupe chini, akaniangalia mimi. Nilikuwa nimeshasikia jibu lake kichwani na nilikuwa nimeshakubali.

"Anikunjie ingine," akasema.

"Una uhakika?"

"Sasa hivi, nikiangalia. Na akimaliza, apande ndege na sisi. Nikiruka nataka kumwona uso."

Nilikunja. Nikazipitisha kamba mara mbili, mara tatu, Ciku amechuchumaa mbele yangu haondoi macho. Hakuna aliyecheka nilipoilalia kwa kifua. Kisha wakanifunga mkanda wa usalama na kunipakia kwenye ndege, mimi niliyekuwa sijawahi kupanda hata lifti, nikaketi sakafuni kwa sababu viti havipo. Mlango haukufungwa. Nitawaambia ukweli, nilijikojolea kidogo, na mkienda kulisema hilo kwa watu nitakana.

Tulipofika juu Afande akampa ishara. Ciku akasogea mlangoni, akashika ukingo, akanigeukia. Upepo ulikuwa unampiga mashavu. Nilitaka kumwambia nisamehe, lakini kwa kelele ile hata Afande aliyenishika mkanda asingenisikia. Nikamtazama tu. Hakutabasamu. Akageuka, akaenda.

Nilisahau woga. Nilitambaa mpaka ukingoni, Afande amenishika mgongoni kwa ngumi, nikachungulia. Alikuwa kidoti. Kidoti kikapungua. Nikahesabu kwa sauti, nikakosea, nikaanza tena. Kisha kitu chembamba kikatoka mgongoni mwake, kikarefuka, kikapanuka upande mmoja, na upande wa pili ukachelewa kidogo, na katika kule kuchelewa nilimwomba Mungu vitu ambavyo sitaviandika. Ukajaa. Ukanyooka. Nililia kwa sauti mpaka rubani akageuka.

Tulipotua alikuwa ameshafika bandani kwa miguu, nyasi magotini, kitambaa chote kimekumbatiwa kifuani. Nikasimama mlangoni, sikujua kama naruhusiwa kuingia. Alinipita, akaiangusha ile parachuti zuliani mbele yangu.

"Mama Nafula, harakisha kidogo," akasema. "Naruka tena saa tisa."

Nikapiga magoti, nikaanza na kamba.